Samaki mdogo mwenye mayai: kwa nini mto mmoja hutoa samaki wasiolingana

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Mto tunaovua unaanzia milimani kwenye mawe na miti mikubwa, halafu unashuka tambarare, unapanuka na kufurika wakati wa mvua. Perege na kambare wapo kote. Huku juu perege wa urefu wa kiganja tayari ana mayai. Kule chini perege wa ukubwa huohuo bado mtoto kabisa. Wazee wanasema hao ni aina mbili za samaki. Vijana wenzangu wanasema huku juu hakuna chakula. Mimi nadhani ni baridi ya maji. Nani yuko sahihi? Na je, tukiwachukua wale wadogo tukawamwaga kule chini, watakua?"

Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye yale mayai. Umeyataja kwa kupita tu, lakini kwangu huo ndio ushahidi mzito kuliko mengine yote uliyoeleza. Samaki mwenye mayai si mtoto, hata awe mdogo kiasi gani. Kwa hiyo tukimwona, tusiseme "huyu hajakua". Tuseme kwamba huenda ameshamaliza sehemu kubwa ya kukua kwake, akiwa na mwili huo huo wa kiganja. Wengi tunajikwaa hapo: tunashika rula, tunapima urefu, tukidhani tumepima umri.

Samaki hafanani na ng'ombe katika jambo hili. Ndama ana kimo ambacho akikifikia anasimama. Samaki hana kimo kilichopangwa namna hiyo. Huendelea kukua karibu maisha yake yote, ila kasi hupungua sana akishaanza kuzaa. Ndiyo maana ndugu wawili wa aina moja, hata wa tumbo moja, wakilelewa kwenye maji tofauti wanaweza kuachana kwa kiasi ambacho kwa mnyama wa nchi kavu kingeonekana ni muujiza. Na ukumbuke kwamba uzito unakwenda kasi kuliko urefu. Perege wa sentimita 30 amemzidi wa sentimita 20 kwa nusu ya urefu, lakini kwa uzito anamzidi zaidi ya mara tatu, maana mwili unaongezeka kwa urefu, upana na unene kwa pamoja.

Sasa, kukua ni nini hasa? Ni baki. Chakula anachokula samaki hakigeuki mwili moja kwa moja. Kwanza kuna sehemu inayotoka kama kinyesi na mkojo. Kuna inayotumika kupumua, kusaga chakula chenyewe, kuogelea, kupambana na vimelea, kuponya vidonda. Akishakomaa, kuna inayokwenda kwenye mayai au mbegu. Kinachobaki baada ya hayo yote ndicho kinachokuwa nyama na mifupa. Mto unagusa kila upande wa hesabu hii: unaamua kiasi gani kinaingia, na unaamua gharama ni kubwa kiasi gani. Ndiyo maana siwezi kukuambia "ni baridi" au "ni chakula" kama mtu anayetaja jina la mwizi. Wewe na vijana wenzako mmeshika kila mtu ncha moja ya kamba ileile.

Tuanze na joto, kwa kuwa ndilo ulilolishuku. Mwili wa samaki una joto la maji aliyomo. Maji yakipanda nyuzi 10 za Selsiasi, shughuli za mwilini mwake hukaribia kwenda mara mbili au zaidi: moyo, kupumua, kusaga chakula. Mwanzoni hiyo ni faida, kwa sababu anakula sana na chakula kinasagika haraka. Lakini kuna kilele, na baada ya kilele mteremko ni mkali. Gharama za kuishi zinaendelea kupanda huku uwezo wa kula ukianza kushuka, na baki inakatika ghafla. Kwa sato, ambaye ndiye perege anayejulikana zaidi, kilele kiko kwenye nyuzi 28 hadi 30 hivi. Chini ya 20 anakua polepole mno, na maji yakishuka karibu na 16 huacha kula. Trauti wa milimani, kwa upande wake, hustawi kwenye nyuzi 13 au zaidi kidogo, na maji yale yanayomnenepesha sato yangemuua. Kwa hiyo neno "baridi" peke yake halitoshi. Lazima tuulize: baridi kwa nani?

Kuna jambo kuhusu joto ambalo hata wataalamu hulisahau, nami nalipenda kwa sababu linawaunganisha wewe na vijana wenzako. Mwaka 1969 J. R. Brett na wenzake huko Kanada walilisha vifaranga vya samoni kwa viwango tofauti vya chakula katika joto tofauti. Waliopewa chakula bila kipimo walikua vizuri zaidi kwenye nyuzi 15 hivi. Waliopewa kidogo walikua vizuri zaidi kwenye maji baridi, karibu na nyuzi 5. Liangalie vizuri hilo. Joto bora si namba iliyoandikwa mwilini mwa samaki. Linategemea sahani yake. Penye njaa, maji ya joto ni adhabu, kwa sababu yanamlazimisha atumie zaidi wakati hakuna kinachoingia. Penye chakula tele, maji yaleyale ni baraka. Ukisikia mtu anasema mto ukipata joto samaki watakua haraka, muulize kwanza watakula nini.

Usipime joto mara moja ukaandika namba na kuondoka. Kijito chenye mawe na kivuli cha miti kinaweza kukaa kwenye joto lilelile mchana kutwa, wakati maji mafupi yaliyo wazi kule chini yanapanda nyuzi kadhaa kati ya alfajiri na saa tisa mchana. Samaki anaishi katika jumla ya joto hilo lote, siku baada ya siku. Mto ambao mchana unalingana na mwingine lakini usiku unapoa zaidi utatoa samaki wengine kabisa.

Oksijeni inakuja mkono kwa mkono na joto. Kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyoshindwa kuishika. Kwenye usawa wa bahari, maji yaliyoshiba oksijeni huwa na miligramu 11 hivi kwa lita yakiwa na nyuzi 10, miligramu 9 kwenye nyuzi 20, na saba na nusu tu kwenye nyuzi 30. Linganisha na lita moja ya hewa unayovuta wewe, yenye zaidi ya miligramu 270. Samaki anapumua kitu kizito mno chenye oksijeni kidogo mno, na kazi ya kuyasukuma maji hayo kupita kwenye matamvua inalipwa kutoka kwenye chakula kilekile. Oksijeni ikipungua, jambo la kwanza analofanya ni kupunguza kula, kwa sababu hata kusaga chakula kunadai oksijeni. Hafi. Anaishi tu bila kukua, na mvuvi haoni dalili yoyote.

Huku kwenu juu, maji yanayogonga mawe na kutoa povu yanajichanganya na hewa wakati wote, kwa hiyo oksijeni siilaumu. Kule chini ndiko penye mashaka. Nenda kwenye kidimbwi kilichotulia, chenye mimea mingi, kabla jua halijachomoza. Mchana ile mimea ilikuwa inatoa oksijeni. Usiku kucha imekuwa ikiivuta, pamoja na samaki, pamoja na bakteria wanaoozesha majani chini. Utawaona perege wamepanda juu, pua zao zimegusa ngozi ya maji, midomo inafunguka na kufunga, kila mmoja akitengeneza duara dogo. Hawachezi wala hawatafuti wadudu. Wanakunywa ule utando mwembamba wa juu ambao ndio pekee unaoguswa na hewa. Kambare yeye hupanda mara moja, akameza hewa, akazama tena bila haraka, kwa maana ana kiungo cha ziada juu ya matamvua kinachomwezesha kupumua hewa yenyewe. Jua likipanda wote hutawanyika, na ukija saa nne utasema kidimbwi ni kizima. Ndiyo sababu nasema oksijeni ipimwe alfajiri.

Mkondo nao una deni lake. Nguvu ambayo maji yanamsukuma samaki huongezeka kwa mraba wa kasi, na kazi anayofanya kushindana nayo huongezeka kwa kasi iliyozidishwa kwa kasi, kisha kwa kasi tena: kasi ikiwa mara mbili, kazi inakuwa kama mara nane. Hakuna samaki anayeweza kulipa hivyo siku nzima, na ndiyo maana ukitazama kijito chenye nguvu huoni samaki katikati ya mkondo. Tafuta jiwe kubwa, uangalie nyuma yake au pembeni. Yuko hapo, kichwa kimeelekea juu ya mto, mwili karibu umetulia, umbali wa kiganja kutoka kwenye maji yanayokimbia. Kila baada ya muda anachomoka, anakamata kitu kinachopita, anarudi palepale. Amepata sehemu ambayo chakula kinaletwa na mkondo lakini gharama ya mkondo hailipi. Mwaka 2003 James Liao na wenzake walionyesha maabara kwamba trauti akiwa nyuma ya kizuizi huyumba kufuata vizunguko vya maji vinavyojitenga kwenye kizuizi hicho, na misuli yake hufanya kazi kidogo kuliko akiwa kwenye maji yanayokwenda sawasawa. Anabebwa na mto uleule anaopingana nao.

Lakini nafasi kama hizo zinahesabika. Mto wenye mawe makubwa, magogo yaliyoanguka na vilindi una vyumba vingi. Mto uliochimbwa mchanga na kuondolewa magogo umebaki njia tu ya kupitia. Perege si samaki wa mkondo. Huku juu nadhani wamebanana kwenye vilindi vichache, na jambo hilo la kubanana nitalirudia, kwa sababu nalishuku kuliko ninavyoishuku baridi.

Na chakula? Vijana wenzako wana hoja nzuri kuliko wanavyojua. Mwaka 1980 Robin Vannote na wenzake walipendekeza namna ya kuutazama mto mzima kama mnyororo mmoja. Juu, miti inafunika maji, jua haliingii, na chakula kikuu ni majani yanayoanguka. Majani hayo huliwa na wadudu wa majini, na wadudu huliwa na samaki. Katikati mto unapanuka, jua linafika chini, mawe yanaota ule mwani mwembamba unaoteleza mguuni. Chini zaidi maji yanabeba chembechembe za yote yaliyosagwa huko juu, na penye utulivu planktoni, yaani vimea na vijidudu vidogo mno vinavyoelea majini, inaota. Sasa mweke perege kwenye picha hiyo. Utumbo wake ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili, umeumbwa kwa ajili ya mwani, planktoni na mimea iliyolainika. Huku juu kwenye kivuli, chakula chake ni haba hata kama kijito kimejaa wadudu. Samaki mla wadudu angekaa hapo akanenepa. Kwa hiyo si kweli kwamba huku juu hakuna chakula. Chakula kipo, ila si cha perege.

Kule chini kuna kitu kingine kikubwa kuliko vyote nilivyotaja, nacho ni mafuriko. Mwaka 1989 Wolfgang Junk, Peter Bayley na Richard Sparks waliandika hoja ambayo wavuvi wa mito mikubwa waliijua tangu zamani: kwenye mto wenye uwanda wa mafuriko, samaki hawatengenezwi ndani ya mto bali juu ya nchi kavu iliyofunikwa na maji. Maji yanapopanda taratibu na kuingia kwenye nyasi, udongo uliokauka unatoa rutuba yake, nyasi zinaanza kuoza, planktoni inalipuka, minyoo na panzi na mbegu zinazama, na samaki anaingia kwenye shamba ambalo hakuna aliyevua. Maji ni mafupi, yana joto, mkondo karibu haupo, na majani yanamficha kifaranga asionwe na adui. Gharama zote zinashuka kwa wakati mmoja huku kinachoingia kikipanda. Mfano mkubwa kuliko wote uko Kambodia, kwenye ziwa la Tonle Sap. Mvua zikiujaza mto mkubwa wa Mekong, mto unaounganisha ziwa na Mekong hugeuka, ukatiririka kinyume na kulijaza ziwa, likatoka kwenye kilomita za mraba 2,500 hivi za kiangazi na kuzidi 10,000. Misitu inazama, na samaki wanaingia humo kula.

Samaki wa uwanda anaweza kupata sehemu kubwa ya ukuaji wake wa mwaka katika miezi hiyo ya maji mengi, kisha kiangazi akasimama au hata kukonda. Ndiyo maana kujenga tuta la kuzuia mto usifurike, hata kama halimgusi samaki hata mmoja, kunampunguza ukubwa kuliko nyavu nyingi. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimeona mahali tuta lilipojengwa kwa nia njema kabisa, na baada ya misimu michache watu wakaanza kutafuta ugonjwa uliowapata samaki wao. Hakukuwa na ugonjwa. Shamba lao lilikuwa limefungwa mlango.

Tope nalieleza kwa ufupi. Udongo unaoporomoka kutoka mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni unaziba jua lisiufikie mwani, unajaza mianya ya changarawe wanamoishi wadudu na yanamotagwa mayai, na unachubua matamvua. Samaki anayewinda kwa macho huumia kuliko kambare, ambaye hutafuta kwa ndevu zake. Tindikali kali nayo hudumaza, na maji yenye chokaa kidogo sana hutoa konokono na kamba wachache, lakini kwa mto mmoja usio na mgodi wala kiwanda sidhani jibu lako liko huko. Kama kuna bwawa kubwa juu yenu linaloachia maji kutoka kilindini, hilo ni jambo jingine: maji ya chini ya bwawa huwa baridi hata wakati wa joto, na huko Australia, kwenye mito ya Murray na Darling, maji ya namna hiyo yanajulikana kuwarudisha nyuma samaki wa asili kama Murray cod kwa umbali mrefu kutoka ukutani. Hukulitaja bwawa, kwa hiyo naendelea.

Narudi kwenye mayai. Perege ana tabia ambayo samaki wengi hawana: maisha yakimbana, anazaa mapema. Sato anayekua vizuri kwenye bwawa la kufugia huanza kuzaa baada ya miezi michache, akiwa na gramu 100 au zaidi. Aliyedumaa anaweza kutaga akiwa na chini ya gramu 20. Na tazama kuzaa kwenyewe kunavyomgharimu. Jike la sato hutaga, dume hurutubisha, kisha jike huyaokota mayai yote na kuyaweka mdomoni. Hubaki nayo, na baadaye na vifaranga, kwa wiki moja hadi mbili, taya limevimba kama mtu aliyejaza maji mdomoni, na kwa muda wote huo karibu hali kitu. Akimaliza, anakula kwa muda, na maji yakiwa ya joto anarudia tena. Katika mwaka mmoja anaweza kufunga hivyo mara nyingi. Baki ya hesabu yake yote imekwenda kwa watoto. Na watoto hao wamejazana kwenye kilindi kilekile, wakigombea mwani uleule, nao wakabanwa, nao wakazaa mapema. Vilindi vichache, adui wachache wa kuwapunguza, kivuli kingi: hicho ndicho ninachokiona ninapokusoma. Baridi inachangia kwa kupunguza kasi, lakini baridi peke yake humfanya samaki achelewe kukomaa. Haielezi vizuri samaki anayewahi.

Unaweza kunihakiki bila maabara. Mshike huyo perege wa juu umtazame kutoka mgongoni. Samaki mwenye njaa ya muda mrefu ana kichwa kikubwa kuliko mwili, macho yanaonekana makubwa, na mgongo umechongoka kama kisu, kwa sababu mifupa ya kichwa iliendelea kukua huku nyama ikikosa. Samaki mdogo kwa sababu ya baridi, au kwa sababu chakula chake kinakwenda kwenye mayai, anaweza kuwa mnene wa kawaida, mviringo, mwenye mgongo uliojaa, ila tu ni mdogo. Pima urefu na uzito wa samaki 20 au 30 kila upande, halafu gawa uzito kwa urefu × urefu × urefu. Wa juu wakitoka wepesi kwa kiasi hicho kuliko wa chini, vijana wenzako wamepata ushahidi. Wakitoka sawa, njaa ya kawaida haitoshi kueleza. Hakikisha tu umewapima msimu mmoja, na majike yaliyojaa mayai uyaweke kando, maana mayai yana uzito.

Kisha tafuta umri. Ndani ya kichwa cha samaki, chini ya ubongo, kuna vijiwe vyeupe vya chokaa vinavyomsaidia kusikia na kujua kichwa kimeelekea wapi. Kata fuvu kwa uangalifu juu ya macho, fungua, na kwa koleo dogo utatoa cha perege kikiwa na ukubwa unaokaribia punje ya mchele. Kioshe, kikaushe, kisugue pole kwenye msasa laini wa maji mpaka kiwe chembamba, ukitazame kwa kioo cha kukuzia huku mwanga ukipenya. Utaona pete, kama za mti: pana wakati wa kushiba, zilizobanana wakati wa shida. Mwaka 1971 Giorgio Pannella alionyesha kwamba hata siku moja moja huacha mstari wake, ingawa kwa hizo utahitaji hadubini nzuri. Kwa kambare kijiwe kinachosomeka vizuri si hicho kikubwa cha perege bali kingine, kwa hiyo anza na perege. Na uwe mwangalifu: penye misimu miwili ya mvua pete zinaweza kuwa mbili kwa mwaka, na kutaga nako huacha alama.

Ukishazisoma, ziangalie kwa mpangilio. Kama pete za perege wa juu zimebanana tangu katikati kabisa, alianza maisha kwa shida: baridi, chakula, au vyote viwili. Kama miezi ya mwanzo ni mipana sawa na ya wa chini, halafu ghafla zinabanana, basi alikuwa anakua vizuri mpaka alipoanza kuzaa. Jiwe hilo dogo litamaliza ubishi wenu vizuri kuliko barua yangu.

Wazee nisiwapite. Kwanza watazame samaki wenyewe: idadi ya miiba kwenye pezi la mgongoni, mistari ya mkia, rangi ya dume wakati wa kuzaa. Perege wa aina mbalimbali hufanana sana na huchanganyika, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mna aina mbili. Na hata kama ni aina moja, wazee wanaweza kuwa na ukweli wa namna nyingine. Huko Trinidad kuna samaki wadogo waitwao gapi. Penye adui anayekula wakubwa, gapi hukomaa mapema na wadogo. John Endler na David Reznick walifuatilia gapi waliohamishwa kutoka sehemu kama hiyo hadi kijito ambacho adui aliyekuwepo alikula hasa wadogo. Baada ya miaka 11, vizazi 30 hadi 60, watoto wao walipolelewa kwenye hali moja ya maabara walikomaa wakichelewa na wakiwa wakubwa zaidi. Udogo ulikuwa umeingia kwenye damu, na ulitoka kwa vizazi, si kwa kubadilisha maji tu. Nyavu zetu ni adui wa aina ileile: zinachukua wakubwa na kuwaacha wanaozaa wakiwa wadogo.

Hapo ndipo swali lako la mwisho linapoanguka. Mkiwamwaga wadogo wa juu kule chini, vifaranga huenda wakakua vizuri. Wakubwa walioshaanza kuzaa wataongezeka kiasi, lakini hawatarudi kuwa watoto. Ila nakuomba sana msiwamwage. Kama ni aina nyingine, au ukoo mwingine uliozoea kuzaa mapema, mtakuwa mmeupeleka kwenye damu ya samaki wakubwa mlio nao, pamoja na vimelea vyao, na hakuna wavu utakaoweza kuwatenganisha tena.

Kama mnataka kujua, na maofisa wa uvuvi wakiwaruhusu, wekeni vizimba vidogo vya wavu: vifaranga vya juu na vya chini vikae pamoja juu, na idadi ileile vikae pamoja chini. Weka madume peke yao ili wasizaane humo. Kata ncha ndogo ya pezi, la kushoto kwa wa juu na la kulia kwa wa chini, mjue nani ni nani. Wasijae, maana kizimba kilichojaa kitakuonyesha msongamano tu. Pima kila wiki mbili kwa miezi mitatu au minne, na kila asubuhi ya kupima shusha kipimajoto kabla ya jua. Wakilingana ukubwa kila mahali, basi ni mto. Wa juu wakibaki nyuma hata wakiwa chini, wazee walikuwa na haki.

Na kila kijiwe cha sikio utakachotoa, kiweke kwenye bahasha yake, uandike urefu, uzito, jinsia, mahali, na hasa tarehe aliyovuliwa. Bila tarehe, ile pete ya nje kabisa haitajulikana kama ndiyo kwanza imeanza au inakaribia kufunga.